Kuchanganya Sindano za Urembo Usoni Bila Kupoteza Sura Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaouliza kuhusu sindano za uso hawatafuti sura mpya. Wanaitaka ile ile yao, isionekane imechoka wakati wenyewe hawajachoka. Majibu haya ni kwa ajili yao, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya daktari atakayekutazama kwa macho yake na kukushika uso kwa mikono yake.

Kuchanganya sindano ni kutia dawa tofauti kwenye bomba moja?

Hapana. Kila dawa hukaa kwenye bomba lake na huchomwa mahali pake, kwa kina chake. Kinachounganishwa ni mpango wa matibabu. Dawa zenyewe ni za makundi makuu matatu: botulini, inayolegeza misuli, fila, zinazorudisha ujazo uliopotea, na vichocheo vya kolajeni, vinavyoufanya mwili utengeneze upya kile kinachoishikilia ngozi. Kila kundi lina kazi ambayo mengine hayawezi kuifanya.

Kwa nini sindano ya aina moja mara nyingi haitoshi?

Kwa sababu uso hauzeeki kwa njia moja. Chini kabisa kuna mifupa, nayo hubadilika: tundu la jicho hupanuka, taya la juu hurudi nyuma kidogo, taya la chini hupungua. Juu ya mifupa kuna vifuko vya mafuta, na kadiri miaka inavyokwenda vingine husinyaa, vingine huteremka. Kano zinazovishikilia hulegea. Ngozi yenyewe hupoteza kolajeni, takribani asilimia 1 kwa mwaka tangu mtu aingie utu uzima, ikabaki juu ya vyote hivyo kama foronya iliyopungukiwa na pamba. Na muda wote huo misuli ya paji la uso na ya pembeni mwa macho inaikunja palepale, mara elfu na elfu.

Chukua ule mstari unaoteremka kutoka pembeni mwa pua hadi pembeni mwa mdomo. Ndio unaonyoshewa kidole zaidi, na mchomaji asiye makini huujaza moja kwa moja. Mstari hupungua, ndiyo, lakini sehemu ya mdomo huwa nzito na kutokeza mbele. Mara nyingi chanzo kiko juu zaidi, kwenye shavu lililopoteza mhimili wake. Fila kidogo ikiwekwa juu ya mfupa wa shavu, mstari hulainika bila kuguswa. Mikunjo ya wima kati ya nyusi ni kinyume chake: hiyo ni kazi ya misuli, na kuijaza fila kabla ya kuilegeza misuli ni kukosea chanzo, tena mahali penye mishipa ya hatari.

Kuna njia rahisi ya kuanza kuuelewa uso wako. Kaa karibu na dirisha, mwanga ukupige kwa ubavu, na ushike kioo. Tulia, kisha kunja uso, kisha tabasamu, halafu lala chali ukiwa bado unajitazama. Mistari inayotokea tu unapokunja uso ni ya misuli. Kivuli au mkunjo unaopungua ukilala chali unaashiria ujazo uliopotea na ngozi iliyoteremka. Mstari usiobadilika ukae, ulale, utulie au ucheke, huo umeshachimba kwenye ngozi yenyewe. Si uchunguzi wa kitaalamu, lakini utakwenda kwa daktari ukiwa na maswali ya maana.

Botulini si sumu?

Ni sumu, na inatoka kwa bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Kinachoifanya dawa ni kipimo kidogo mno kinachowekwa ndani ya msuli mmoja mmoja. Hapo huzuia ncha za neva zisitoe asetilikolini, ile kemikali inayoupa msuli amri ya kujikunja. Msuli hautolewi wala hauuawi, hupumzishwa tu.

Haikuanzia kwenye urembo. Daktari wa macho Alan Scott, wa San Francisco, aliitumia kutibu makengeza, na mwaka 1989 ikaidhinishwa Marekani kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha mwaka 1992 ripoti ya matumizi yake kwenye mikunjo kati ya nyusi. Marekani iliidhinisha matumizi hayo ya urembo mwaka 2002.

Huanza kufanya kazi baada ya siku chache, hufikia kilele kama wiki 2 baada ya kuchomwa, na hudumu miezi 3 hadi 4. Kwa Botox, jina la kibiashara la botulini ya kampuni moja, kipimo kilichoidhinishwa kati ya nyusi ni yuniti 20 zilizogawanywa kwenye nukta 5. Lakini yuniti za kampuni moja si sawa na za nyingine. Anayelinganisha namba tu bila kutaja jina la dawa hajakuambia kitu.

Hata ndani ya botulini peke yake sehemu hutegemeana. Msuli wa paji la uso ndio unaoinua nyusi. Ule wa kati ya nyusi huzivuta chini. Ukilegezwa wa paji peke yake, na kwa kipimo kikubwa, wa chini hubaki bila mpinzani, nyusi zikashuka na macho yakaonekana mazito. Ndiyo maana sehemu hizo mbili hutibiwa pamoja, na paji hupewa kiasi cha kuliacha liendelee kusogea.

Fila ni nini, na zote ni sawa?

Zinazotumika zaidi zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho tayari kimo kwenye ngozi na viungo vyetu, nacho huvuta maji. Kiwandani nyuzi zake huunganishwa ili zisiyeyuke upesi. Nyingine hutoka ngumu, nyingine laini. Ngumu inafaa juu ya mfupa: shavu, kidevu, ukingo wa taya. Laini inafaa mdomoni, mahali pasipotulia. Anayetumia jeli moja kwa uso mzima anajirahisishia kazi tu, na uso utaonyesha.

Chini ya macho panahitaji mkono mwepesi kuliko mahali pengine. Ngozi ya hapo ni nyembamba. Fila ikikaa juujuu huonekana rangi ya samawati, na ikizidi huvuta maji, ukaamka na vifuko vikubwa kuliko ulivyokuwa navyo. Mara nyingi kulitibu shavu kwanza huondoa nusu ya tatizo la chini ya jicho.

Sifa kubwa ya asidi ya hayaluroniki ni kwamba inaweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi. Kwa anayeanza, mimi nashauri hii kabla ya nyingine yoyote. Kitu kinachoweza kurudishwa nyuma ndicho cha kujaribia.

Na vichocheo vya kolajeni?

Viwili vinavyojulikana zaidi ni asidi ya polilaktiki na kalsiamu haidroksilapataiti. Asidi ya polilaktiki haionyeshi matokeo siku hiyo. Maji iliyokorogewa hufyonzwa ndani ya siku chache na uso hurudi ulivyokuwa, kisha mwili huanza kujenga kolajeni polepole kwa miezi. Kwa kawaida huhitaji vikao kadhaa vilivyoachana kwa wiki kadhaa. Utaambiwa usugue sehemu zilizochomwa dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5, ili dawa isijikusanye ikawa vinundu. Marekani iliiidhinisha mwaka 2004 kwa watu waliopoteza mafuta ya uso kutokana na VVU, nayo iliwarudishia wengi mashavu yao.

Kalsiamu haidroksilapataiti hufanya yote mawili: hujaza papo hapo na huchochea baadaye. Tatizo ni kwamba zote mbili hazina dawa ya kuziyeyusha. Hazifai midomoni wala karibu kabisa na macho. Zinamfaa mtu aliyekonda uso au ambaye ngozi yake imelegea kote, hasa yule ambaye kurudisha ujazo huo kwa fila kungehitaji mabomba mengi mno.

Ipi itangulie?

Nikiulizwa mimi, botulini kwanza, kisha subira ya wiki 2, ndipo fila. Misuli ikishatulia unaona wazi kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni kidogo kuliko ulivyodhani. Utahitaji fila kidogo au hutahitaji kabisa. Tena fila iliyowekwa mahali palipotulia haikamuliwi na misuli kila saa, hivyo hukaa muda mrefu zaidi.

Zinaweza kufanywa siku moja, na wachomaji wazoefu hufanya hivyo. Hapo mpangilio hugeuka: fila hutangulia kwa sababu hubonyezwa na kusawazishwa kwa vidole, botulini hufunga kazi ili isije ikasukumwa kwenye msuli usiohusika. Kichocheo cha kolajeni huwekewa kalenda yake, na kwa kuwa huchelewa, ni busara kusubiri matokeo yake kabla ya kuongeza fila juu yake. Kama kuna leza au mashine za joto kwenye mpango, zimalizike kwanza.

Mbona wengine huishia kuvimba uso?

Bomba moja la fila kwa kawaida lina mililita 1, ambayo ni sehemu ya tano tu ya kijiko cha chai. Kwa hiyo si kila anayechomwa mawili au matatu atavimba. Kuvimba huja kwa njia nyingine: kuongeza juu ya ile ambayo haijaisha. Mtu anaambiwa fila hudumu miezi 6 hadi 18, anarudi kwa ratiba, anaongezewa. Picha za MRI zimeonyesha fila ikibaki mwilini kwa miaka baada ya muda unaotangazwa. Hiyo ya zamani haijaondoka, mpya inakaa juu yake, na jicho la mwenyewe limeshazoea.

Sababu ya pili ni kutibu uso uliotulia tu. Uso wa mtu huonekana ukiongea, ukicheka, ukishangaa. Shavu lililojazwa kupita kiasi linaweza kupendeza kwenye picha, lakini akicheka fila husukumwa juu na macho humezwa. Mchomaji mzuri atakuomba ucheke, useme, ufumbe macho kwa nguvu, utazame juu, naye anakutazama kutoka mbele na pande zote mbili, ukiwa umekaa wima. Kisha atapiga picha, na kila utakaporudi atapiga nyingine kwenye mwanga ule ule na kutoka pembe zile zile. Bila picha hizo, wewe na yeye mtakuwa mnakisia.

Kiasi sahihi ni kile kinachokuacha na hamu ya kuongeza kidogo. Ondoka ukiwa hapo. Rudi baada ya wiki 2 au 4, uvimbe ukiwa umeisha, ndipo mwamue.

Wenye ngozi nyeusi wana tofauti gani?

Zipo tofauti, na hazizungumzwi vya kutosha. Melanini, ile inayoipa ngozi rangi yake, huikinga ngozi na jua, kwa hiyo makunyanzi madogo huchelewa. Kinachotangulia mara nyingi ni kupungua kwa sehemu ya katikati ya uso: mashavu kuteremka, mabonde chini ya macho. Mpango wa mtu kama huyo huegemea kwenye kurudisha mhimili wa shavu kuliko kutuliza misuli. Na midomo iliyojaa kwa asili haina haja ya kuongezwa kwa sababu tu bei ya bomba tayari imelipwa.

Kila tundu la sindano linaweza kuacha doa jeusi, hivyo matundu machache ni bora; kanyula, mrija mwembamba wenye ncha butu unaotumika badala ya sindano kali, husaidia, kwani tundu moja hufikia eneo pana. Mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba kupita jeraha lenyewe, aitaje mapema.

Lililo zito zaidi ni hili: dalili ya mshipa wa damu kuziba ni ngozi kupauka, na kwenye ngozi nyeusi kupauka huko hakuonekani kirahisi. Mchomaji anapaswa kubonyeza ngozi kwa kidole, aachie, ahesabu: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Alinganishe upande wa kulia na wa kushoto, na atazame ndani ya mdomo. Akikuambia huwa anatazama rangi tu, swali lako limepata jibu.

Hatari kubwa kabisa ni ipi?

Fila kuingia ndani ya ateri. Hutokea kwa nadra, lakini ikitokea hakuna muda wa kupoteza. Damu ikikatika, ngozi inayolishwa na mshipa huo huanza kufa. Mishipa ya pua, ya kati ya nyusi na ya paji la uso imeungana na ile inayolisha jicho, hivyo fila iliyosukumwa kwa nguvu inaweza kurudi nyuma hadi kwenye retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, na kumpofusha mtu papo hapo. Ndiyo maana mchomaji makini huchoma polepole, kiasi kidogo kidogo, huku macho yake yakiwa kwenye ngozi.

Dalili za kuzijua kwa moyo: maumivu makali yasiyolingana na kilichofanywa, ngozi kupauka au kuwa ya kijivu, madoa yenye mtandao kama wavu, ubaridi, na baadaye vipele vyenye usaha. Kwenye jicho ni kutoona au kuona nusu, maumivu, kope kuanguka ghafla. Ganzi inaweza kuficha maumivu mwanzoni. Ukiona lolote kati ya haya usikubali kuambiwa "subiri kesho". Hayaluronidesi hutakiwa kuingia mara moja, kwa dozi kubwa, na jicho likihusika ni kukimbilia hospitali yenye daktari wa macho saa hiyo hiyo.

Madogo ni ya kawaida: damu kuvia, uvimbe wa siku kadhaa, maumivu ya kichwa. Kope linaweza kulegea ikiwa botulini imefika kwenye msuli wake. Hurudi lenyewe ndani ya wiki kadhaa, na kuna matone ya macho yanayoliinua kidogo wakati unasubiri. Kinundu kinachochomoza miezi baadaye kikaguliwe na daktari. Usikikamue.

Nani asichomwe?

Mjamzito na anayenyonyesha. Mwenye maambukizi au chunusi zilizoiva mahali panapotaka kuchomwa. Kwa botulini, mwenye mayasthenia gravisi au ugonjwa mwingine wa neva na misuli, na anayetumia antibayotiki za kundi la aminoglikosidi, kama gentamaisini, kwani huzidisha nguvu ya dawa. Mwenye magonjwa ya kinga ya mwili aongee na daktari wake kwanza. Anayetokwa na malengelenge ya herpesi mdomoni apewe dawa ya kukinga kabla ya kuchomwa midomo.

Nijiandaeje, na baada yake?

Vidonge vya mafuta ya samaki, vitamini E na ibuprofeni huongeza kuvia damu. Viache kama wiki moja kabla. Lakini dawa ya kuzuia damu kuganda uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi usiiache kwa sababu ya urembo bila kauli ya daktari aliyekuandikia. Kazi ya meno iwe wiki 2 kabla au baada ya fila, maana bakteria wa kinywani wanaweza kufuata damu hadi kwenye fila mpya. Ukiwa na mafua makali, ahirisha.

Baadaye, usisugue mahali palipochomwa botulini na usilale kwa saa 4 hivi. Mazoezi mazito, pombe na joto kali viache kwa siku nzima.

Nitamjuaje mchomaji wa kuaminika?

Kabla ya kuuliza bei, muulize: "Hayaluronidesi unayo hapa, leo?" Anayechoma fila bila kuwa nayo kabatini asiguse uso wako. Muulize pia atafanya nini mshipa ukiziba, na usikilize kama anajibu hatua kwa hatua au anakutuliza kwa maneno. Awe na leseni ya udaktari au ya fani ya afya inayoruhusiwa na sheria ya nchi yako kuchoma dawa hizi.

Omba kuiona chupa au bomba likifunguliwa mbele yako: jina, namba ya toleo, tarehe ya mwisho. Zipigwe picha ziwekwe kwenye faili lako. Dawa bandia zipo kweli. Aprili 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu Botox bandia baada ya watu kulazwa hospitalini na dalili za sumu ya botulini kusambaa mwilini: kuona vitu viwili viwili, kumeza kwa shida, kuishiwa pumzi. Mamlaka hiyo hiyo ilionya mwaka 2021 kuhusu kalamu za kusukuma fila bila sindano ambazo watu hununua mtandaoni na kujichoma nyumbani. Silikoni ya maji usiikubali hata kwa bure, haitoki.

Na mtu akikuambia "hapa huhitaji kitu", huyo mrudie. Ni nadra kumpata anayejinyima pesa ili kulinda uso wako.

Binti yangu ana miaka 17 na anataka midomo ijazwe. Nimruhusu?

Hapana. Uingereza, kwa upande wa England, imepiga marufuku botulini na fila za urembo kwa walio chini ya miaka 18 tangu Oktoba 2021, na fila zilizoidhinishwa Marekani ni kwa waliozidi miaka 21. Uso wake bado unakua. Kaa naye, muulize ni picha gani anazitazama na nani amemwambia nini kuhusu midomo yake. Hapo ndipo penye kazi.

Nikiacha, nitazeeka ghafla?

Hutazeeka ghafla. Botulini ikiisha, misuli hurudia kazi yake. Fila hupungua polepole. Utakuwa ulivyo kwa umri wako, na wengine hubaki afadhali kidogo kwa kuwa ngozi ilipata miezi ya kutokunjwa. Anayepata shida ni aliyejazwa kupita kiasi kwa miaka, kisha akayeyushwa zote kwa mkupuo: ngozi iliyotanuliwa inaweza kubaki imelegea. Yeye ayeyushwe kwa awamu, akisubiri wiki kadhaa kati ya awamu moja na nyingine.

Ukiendelea, botulini mara 2 au 3 kwa mwaka inatosha watu wengi, na fila iangaliwe mara moja kwa mwaka, bila lazima ya kuongezwa. Kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi ipakwe kila asubuhi, uwe unachomwa au umeacha.